Mahali pa Kusimama: Wikiendi Yangu ya Roki

Ukimwuliza shabiki wa roki habari za tamasha alilotoka, atakutajia bendi. Mimi pia nitazitaja, lakini kwanza nitakuambia nilisimama wapi. Nimerudi kutoka wikiendi nzima ya magitaa, tope na usingizi wa mang'amung'amu, na jambo lililonikaa moyoni ni kwamba uwanja mmoja, wenye jukwaa moja kubwa na bendi ileile ikipiga wimbo uleule, unabeba matamasha mengi kwa wakati mmoja. Sogea hatua hamsini kulia, unasikia kitu kingine. Rudi nyuma hatua mia, unakuta watu wa namna nyingine kabisa, na hata wimbo wenyewe unakufikia kwa kuchelewa.

Habari za geti, foleni, bangili ya kuingilia na kusimamisha hema nazipita, kwa sababu kila aliyewahi kulala uwanjani anazijua. Niseme tu kwamba nilikwenda na rafiki aliyenizidi umri, mtu aliyeanza kusikiliza roki enzi za kaseti, ambaye huniita mdogo wangu hata tukiwa tunabishana. Ijumaa mchana nilimwambia kwamba bendi ya usiku ule, niliyoipenda tangu nikiwa kijana mdogo, nitaitazama nikiwa nimeegemea uzio wa mbele.

“Sawa, mdogo wangu,” akasema. “Ila ujue huko mbele utaona kuliko utakavyosikia.”

“Leo nataka kuona, kaka.”

Na kuona niliona. Niliona mpiga gitaa akigeuza kitufe cha sauti kwa kidole kidogo katikati ya noti, bila kuangalia. Niliona mpiga besi na mpiga drami wakitazamana kabla ya kila badiliko, mara nyingine kwa kuinua nyusi tu, na wimbo mzima ukageuka kwa ishara hiyo. Miaka yote nimesikiliza rekodi za bendi hii nikidhani kwamba gitaa ndilo linaloongoza. Kumbe kiongozi yuko nyuma, ameketi, na wenzake wote wanamsikilizia yeye. Hilo sikuweza kulijua kwa masikio. Ilibidi niwe pale, mita chache kutoka kwake.

Kilichopotea ni sauti ya mwimbaji. Spika kubwa za tamasha huning'inizwa juu kulia na kushoto mwa jukwaa, zimepangwa kama safu ndefu iliyopinda, na kazi yake ni kurusha sauti mbali, kuwafikia maelfu walio nyuma. Aliye uzioni yuko chini yake. Kinachomfikia zaidi ni ngurumo ya spika za besi zilizorundikwa mbele ya jukwaa, ngoma zenyewe zikipigwa, na vikuza sauti vya magitaa. Huwa zipo spika ndogo ukingoni mwa jukwaa za kuwahudumia watu wa mbele, na usiku ule zilijitahidi, lakini maneno ya nyimbo niliyapata kwa sababu nilikuwa nayajua tayari.

Kuwahi uzioni kuna zawadi yake nyingine ambayo wengi hawaijali. Ukishashika nafasi yako huondoki, kwa hiyo unazitazama bendi zote za mchana, zile ambazo majina yake yameandikwa chini kabisa ya bango kwa herufi ndogo. Mimi naziamini bendi hizi. Zinapewa nusu saa, pengine dakika arobaini, jua likiwa kali utosini, hakuna taa wala moshi wa kuficha kitu, na mbele yao wamesimama watu ambao nusu yao wanasubiri bendi nyingine. Hazina nafasi ya kujaribu vyombo kwa utulivu. Kwenye matamasha mengi drami huwa zimeshafungwa mapema nyuma ya jukwaa juu ya majukwaa madogo yenye magurudumu. Bendi moja ikimaliza, zake zinasukumwa nje na nyingine zinasukumwa ndani. Fundi anakaa kwenye drami anapiga ngoma ya mguu, tena na tena, kisha ngoma ndogo, kisha matoazi, wakati mwingine anagusa nyuzi za gitaa moja moja, na kule mbali kwenye kibanda cha sauti mwenzake anahakikisha kila waya umefika. Kinachohakikiwa ni kwamba sauti inapita. Kama ni nzuri au mbaya, bendi itajua ndani ya wimbo wa kwanza, pamoja na sisi.

Mchana ule bendi moja ya watu watatu ilianza wimbo wake wa kwanza besi ikiwa haisikiki kabisa. Hawakusimama. Mpiga gitaa alishuka kwenye nyuzi nzito akaibeba besi yeye mwenyewe, mpiga drami akaongeza ngoma ya mguu, na wimbo ukaenda hivyo mpaka waya ukarekebishwa. Besi iliporudi, ikarudi ghafla na kwa ukubwa wote, watu uwanjani walipiga kelele ambayo bendi nyingi za usiku haziipati. Bendi yenye fataki na skrini kubwa inaweza kunivutia. Bendi iliyocheza saa saba mchana ikiwa imekosa besi na bado ikashika wimbo wake nitaifuata popote.

Kabla sijaendelea, masikio. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimewaona vijana wengi wamesimama mbele ya spika bila kitu chochote masikioni. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza kikomo cha saa nane kwa siku kwenye kelele ya desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na kila desibeli tatu zinapoongezeka muda huo hukatwa nusu. Ukifika desibeli 100 umebakiwa na dakika kumi na tano. Desibeli 100 mbele ya jukwaa la roki si ajabu hata kidogo. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kwa kumbi na matamasha ni wastani usiozidi desibeli 100 kwa kila dakika kumi na tano. Vinywele vidogo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikishakufa, kwa binadamu haviote tena. Vizibo vya sponji vinalinda, ingawa hula zaidi sauti za juu na kuacha muziki ukiwa kama umefunikwa. Vile vyenye kichujio hupunguza sauti zote kwa usawa zaidi, na mimi navipenda kwa sababu matoazi hubaki matoazi. Pete Townshend, mpiga gitaa wa bendi ya The Who, ameeleza hadharani kwa miaka mingi jinsi masikio yake yalivyoharibika na kuvuma. Mtu anayependa muziki huu kweli anataka kuusikia akiwa mzee.

Jumamosi ilianza na mvua, na tope ikashika uwanja mzima kabla ya bendi ya tatu. Tope ni sehemu ya historia ya matamasha haya tangu lile la Woodstock, Marekani, mwaka 1969, lakini sipendi inavyosimuliwa kama sherehe tu. Mwaka 2023 huko Wacken, kijiji cha kaskazini mwa Ujerumani ambako tamasha la metali, yaani roki nzito, lilianza mwaka 1990 na kukua kutoka mashabiki mia kadhaa hadi makumi elfu, mvua ilizidi mpaka waandaaji wakasimamisha kuingiza watu, na maelfu waliokuwa na tiketi wakageuzia njiani. Radi nayo ni jambo la kuogopa. Mwaka 2016 tamasha la Rock am Ring, lililokuwa limehamia Mendig, Ujerumani, lilipigwa na radi, makumi ya watu wakaumia, na siku ya mwisho ikafutwa. Kwa hiyo Jumamosi alasiri, mngurumo ulipoanza kusikika nyuma ya vilima na tangazo likatoka kwamba jukwaa linafungwa kwa muda, sikuungana na waliozomea. Jukwaa ni mnara wa chuma uliosimama peke yake penye uwazi, na chini yake kuna watu wanaofanya kazi. Tulikaa ndani ya basi moja lililoegeshwa, tumebanana na watu tusiowajua, mpaka mawingu yakapita. Ratiba ikasogezwa, bendi mbili zikapunguziwa nyimbo, na tukatoka.

Jioni hiyo niliingia katikati.

Katikati ni ile sehemu iliyo kati ya uzio na kibanda cha sauti, ambako umati ukichemka unafunguka duara, na ndani ya duara watu wanakimbia, wanarukiana, wanagongana mabega. Mtu anayeangalia kutoka mbali, au kwenye video, anaona vurugu. Nilikuwa nimewahi kusimama ukingoni mwa duara, sikuwahi kuingia. Bendi iliyopanda jukwaani ina nyimbo za kasi sana, na mwimbaji wake kabla ya kuanza alisema kitu kimoja tu kwa umati: mwenzako akianguka, mwinue. Nadhani kila shabiki wa muziki mzito duniani ameisikia amri hiyo, iwe kutoka jukwaani au kutoka kwa mtu wa pembeni.

Wimbo ukalipuka. Katika dakika za mwanzo sikuwa na mawazo yoyote zaidi ya kutafuta pa kuweka mguu. Bega la mtu lilinipata kifuani, nami nikampata mwingine, kila mtu akicheka. Kisha tope ikanishinda, mguu wangu ukateleza, nikaenda chini.

Sikufika chini. Kabla goti halijagusa ardhi mikono ilikuwa imeshanishika kwapani, pande zote mbili, na wa tatu alikuwa amesimama nyuma yangu ametanua mikono kuwazuia wanaokimbia. Wakanisimamisha, mmoja akaniangalia machoni, akainua kidole gumba, nikamjibu kwa kidole gumba, akatoweka ndani ya duara. Yote hayo ilikuwa pigo chache tu za drami. Baadaye niliona mtu ameinua kiatu juu kabisa hewani na kukizungusha mpaka mwenyewe akajitokeza, na duara likamwachia nafasi avae. Niliona msichana mdogo wa umbo akigonga watu wakubwa mara mbili yake, na hao wakubwa wakipunguza nguvu pale tu anapokuja, bila kumwonyesha kwamba wanafanya hivyo. Mwanamume mmoja alikosa pumzi, akainua mkono, na njia ikafunguka kuanzia alipo mpaka kwa walinzi, watu wakimpitisha bega kwa bega.

Nimefikiria sana kwa nini inafanya kazi. Duara lina uwazi. Watu wanagongana, lakini katikati pana hewa, na anayeanguka anaonekana. Hatari kubwa ya umati iko mahali pasipoonekana kama hatari: pale watu wamesimama wima, wametulia, wamebanana mpaka hawawezi kuinua mikono. Wataalamu wa umati wanasema kwamba watu wakizidi watano au sita kwenye mita moja ya mraba, mtu mmoja mmoja anakoma kuamua aende wapi, na kundi zima linaanza kwenda kwa mawimbi kama maji. Msukumo mdogo wa nyuma unafika mbele ukiwa mzito. Wengi wanaokufa katika mikasa ya namna hiyo hufa kwa kubanwa kifua wakakosa nafasi ya kuvuta pumzi, wengine wakiwa bado wamesimama.

Roki imelijua hili kwa uchungu. Tarehe 20 Agosti 1988, kwenye tamasha la Monsters of Rock huko Donington Park, Uingereza, mbele ya umati wa zaidi ya watu laki moja, vijana wawili walikufa umati ulipoanguka mbele ya jukwaa wakati bendi ya Guns N' Roses ikipiga. Mwaka uliofuata tamasha hilo halikufanyika. Tarehe 30 Juni 2000, huko Roskilde nchini Denmark, vijana tisa walikufa mbele ya jukwaa wakati wa onyesho la bendi ya Pearl Jam. Ilikuwa jioni ya mvua, ardhi inateleza, na bendi iliposimamisha muziki na kuwaomba watu warudi nyuma ilikuwa imechelewa kwa hao tisa. Leo katika uwanja ule ipo kumbukumbu yao, miti tisa imezunguka jiwe. Baada ya hapo Roskilde ilipanga upya sehemu ya mbele, ikagawanywa kwa uzio katika vyumba ambavyo watu huingizwa kwa kuhesabiwa, na matamasha mengine yakaendelea kujifunza kutokana na hilo.

Kwa hiyo ule uzio nilioulalamikia moyoni Ijumaa, kwa kuwa ulinitenga na jukwaa, Jumamosi niliutazama upya. Una bamba la chini upande wa umati, ambalo watu hulikanyaga ili uzito wao wenyewe uushikilie usianguke, na upande wa pili una kipandio kinachompa mlinzi mahali pa juu pa kusimama akamwona anayezidiwa na kumvuta nje. Walinzi niliowaona walikuwa na vikombe vya maji mikononi muda wote, wanagawa kwa mstari, macho yao kwa watu, migongo kwa bendi. Wamesikiliza kila wimbo wa wikiendi nzima na hawakuona hata mwanamuziki mmoja. Natamani kila anayepanda jukwaani awataje.

Na kwa atakayeingia katikati kwa mara ya kwanza: weka mikono yako mbele ya kifua, si chini, ili ubaki na nafasi ya kupumua. Wimbi likija usishindane nalo. Nenda nalo, kisha likilegea sogea kwa mshazari kuelekea pembeni. Ukianza kuhisi kwamba huamui tena miguu yako iende wapi, toka mapema, hata kama ni wimbo unaoupenda kuliko yote.

Jumapili mwili ulikuwa umechoka na nikampa mwenzangu nafasi ya mbele, kwa kuwa bendi ya kufunga ilikuwa ya kwake, aliyoifuata tangu hizo kaseti. Mimi nilikwenda kusimama karibu na kibanda cha sauti, kushoto kidogo tu ya mstari wa katikati, na kwa mara ya kwanza wikiendi ile nikasikia kila kitu. Fundi anayechanganya sauti hukaa pale ili asikie kile tunachosikia sisi, na ukisimama karibu naye unasikia maamuzi yake. Nilimtazama akipandisha gitaa la pili kidogo tu kabla ya kipande chake, kisha akalirudisha. Usiku kucha vidole vyake havikutulia.

Katikati ya onyesho nikapanda mteremko wa nyuma kabisa, kwa udadisi. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzi 20. Ukiwa mita mia moja kutoka jukwaani, pigo la drami unaliona karibu theluthi ya sekunde kabla ya kulisikia. Ndiyo maana huwekwa minara ya spika huko nyuma, nayo hucheleweshwa kwa makusudi ili sauti yake itoke wakati uleule ambao sauti ya jukwaani inafika. Ikikosewa, kila pigo linakuwa mawili. Usiku ule haikukosewa. Upepo ulivuma mara kadhaa ukaondoka na sauti za matoazi na kuzirudisha, na kadiri ardhi ilivyopoa ndivyo sauti ilivyozidi kusikika kule juu, kwa sababu hewa ya chini ikiwa na baridi kuliko ya juu, sauti huinama kurudi ardhini badala ya kupaa. Mteremkoni kulikuwa na wazazi na watoto waliovalishwa vikinga masikio vikubwa, wazee kwenye viti vya kukunja, watu wawili waliokuwa wakicheza taratibu wimbo ambao kule mbele ulikuwa unawagonganisha watu. Nilikaa nao nyimbo mbili. Huko kuna tamasha kamili, na sitakubali tena mtu aniambie kwamba wa nyuma hawapendi muziki kama wa mbele.

Nilishuka kwa ajili ya mwisho, kwa sababu siondoki kabla ya mwisho. Pale Woodstock mpiga gitaa Jimi Hendrix alipangiwa kufunga usiku wa Jumapili, ratiba ikachelewa mpaka akapanda asubuhi ya Jumatatu, na sehemu kubwa ya ule umati unaokadiriwa kuwa watu laki nne ilikuwa imeshaondoka. Onyesho ambalo dunia nzima inalikumbuka lilionwa na wachache waliobaki na uchovu wao.

Tukiwa kwenye basi la kurudi, kaka yangu hana sauti, koo limekwisha, tukaanza kuijenga upya orodha ya nyimbo. Nilimwambia mwimbaji alikuwa bora kuliko nilivyowahi kumsikia, kila neno lilikuwa wazi.

“Maneno?” akanong'ona kwa shida. “Mimi sikupata hata neno. Lakini uliona gitaa lilivyozimika?”

Sikuona. Nilichosikia ni kipande kirefu cha drami na besi tu katikati ya wimbo wa tatu, nikakisifu moyoni kwamba wameupanga upya wimbo wa zamani. Akanieleza jinsi fundi alivyokimbia na gitaa jingine, wakabadilishana mkanda begani huku mpiga drami amewakazia macho, akiwasubiri, akizunguka mahali palepale mpaka walipokuwa tayari. Nami nikamweleza jinsi mwimbaji alivyobadilisha mstari mmoja wa mwisho, ambao yeye aliuimba kwa maneno ya zamani kwa nguvu zake zote. Tukaendelea hivyo, yeye akinipa alichoona, mimi nikimpa nilichosikia, tukiandika kwenye simu wimbo baada ya wimbo, basi zima limelala. Wimbo wa nne mpaka sasa hatujakubaliana.